Haumi Huyo

Wifi yangu akishakaa kwenye cherehani hasimami. Hilo lijue kwanza, maana bila hilo hutamwelewa. Nyumba inaweza kushika moto, yeye atamaliza pindo ndipo aulize moshi unatoka wapi. Siku mdogo wake aliponileta nyumbani kunitambulisha, nikiwa nimevaa gauni la kuazima na viatu vinavyobana, alininyooshea mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea kusukuma kitambaa, akanitazama kuanzia mabegani hadi magotini, akasema, "Karibu, wifi. Hilo gauni limekukataa kiunoni. Livue baadaye nikurekebishie." Sikujua nicheke au nilie. Nilicheka, na tangu siku hiyo hatujaacha kutaniana.

Watu wote humwita Fundi. Hata mume wangu, aliyebebwa naye mgongoni utotoni, humwita Fundi. Chumba cha mbele, kile kinachotazama geti, ndicho karakana yake. Cherehani ya miguu iko dirishani. Katikati kuna meza ya kukatia kitambaa, ambayo zamani ilikuwa mlango, na tundu la kitasa bado lipo. Ukutani kuna kamba yenye nguo zilizokwisha kushonwa, na chini ya meza kuna gunia la vipande vya nguo vilivyobaki. Juu ya gunia hilo ndipo alipolala mbwa.

Mbwa huyo alikuja mwenyewe akiwa mdogo, siku ya mvua, akajikunja getini. Fundi alimfunika kwa kipande cha bitana, na kuanzia hapo akawa wa nyumbani. Jina alipewa na Mama Vifungo. "Watu wote humu ndani tunafanya kazi," alisema, "huyu peke yake amelala chini ya meza na mshahara anakula. Mwiteni Meneja." Basi mteja akija kuulizia nguo yake isiyokwisha, wanawake wale wawili walikuwa wanamjibu kwa pamoja, "Meneja yuko mkutanoni," kisha wanacheka mpaka uzi unakatika.

Huyu Mama Vifungo alikuwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwembamba kama sindano zake. Fundi alishona, yeye alimalizia: vifungo, matundu ya vifungo, pindo za mkono ambazo mashine haiwezi kuzifikia. Alivaa kastabini ya shaba kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, ile kofia ndogo ya kusukumia sindano, na aliivaa hata anapokwenda dukani, kama wengine wanavyovaa pete. Hakuwahi kupiga hodi kwetu. Ungesikia tu geti linalia, halafu kiti kinaburutwa, halafu, "Haya, leteni mashati."

Wateja wengine walipiga hodi. Mtu anafika getini, anaona masikio mawili mlangoni, anasimama. "Hodi! Mbwa wenu huyo vipi?" Na wifi yangu, bila kuinua mguu kwenye pedali, anapaza sauti, "Ingia tu, haumi huyo!" Miaka nenda miaka rudi, neno ni hilo hilo. Nililisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa usafi kwenye zahanati, na zahanati imenifundisha kuogopa maneno hayo. Kila aliyeumwa na mbwa huja akisindikizwa na mwenye mbwa, na kila mwenye mbwa husema hajawahi kuuma. Nilimwambia Fundi, "Wifi, mbwa wote duniani hawajawahi kuuma, mpaka siku wanayouma."

"Wewe unaogopa hata kuku," alinijibu.

Kweli naogopa kuku. Kuku aliwahi kunidonoa. Lakini hilo ni jambo jingine.

Meneja alizeeka. Mdomo ukawa mweupe, kiuno kikawa kigumu, akawa anashuka ngazi ya mlangoni kwa kufikiri. Sahani ikigongwa hakuja tena mbio. Tulisema amekuwa mvivu, na tukacheka kwamba meneja amekaribia kustaafu. Na ni wakati huo nilipoona wifi yangu ameanza tabia mpya. Akitaka kuchukua kitu chini ya meza, alikuwa anapiga mguu sakafuni kwa nguvu mara mbili, anangoja kidogo, ndipo anainama. Nilimuuliza ana nini. "Ganzi, wifi. Kukaa sana." Nikamshauri awe anatembea kidogo jioni. Akasema atatembea. Hakutembea, na mimi sikuuliza tena.

Ilikuwa msimu wa sare za shule. Mashati meupe yalijaa mezani, kitini, mpaka juu ya redio. Kila shati na vifungo vyake, kila mzazi na haraka yake. Nilikuwa ndio kwanza narudi kutoka kazini, naingia getini, nikasikia mkebe wa vifungo ukianguka ndani. Nikasikia vikitawanyika kwenye saruji, na Mama Vifungo akijilaumu, "Mikono yangu leo imefanya nini?" Halafu kiti kikasogezwa. Walinisimulia baadaye kwamba aliinama, akapeleka mkono chini ya meza kuvikusanya kama alivyofanya siku zote, huku macho yake yakiwa kwenye shati alilolishika kwa mkono mwingine. Mkono wake ukatua kwenye kiuno cha Meneja, ambaye alikuwa amelala fofofo na hakuusikia ule mkebe hata kidogo.

Wazee walisema ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Sikusikia kubweka wala ngurumo. Nilisikia Mama Vifungo akisema "Aa!" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyejichoma sindano, na cherehani ikanyamaza. Nilipofika mlangoni, Fundi alikuwa amesimama. Sindano ilikuwa imebaki ndani ya kola, mguu wa pedali uko hewani, na yeye amesimama. Ndipo nilipojua kwamba ni jambo kubwa. Mama Vifungo alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, chini ya kidole gumba, na shati jeupe la mtoto wa watu limeanza kuwa jekundu. Meneja alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, anatetemeka kuliko sisi wote.

Majirani hawakukawia, kila mmoja na tiba yake. Wa kwanza alitaka tukate manyoya ya mbwa tuyachome, tupake majivu kwenye jeraha. Mwingine alikuja na mafuta ya taa. Niliwafukuza wote kwa ufagio wa ulimi, maana kwa upole hawasikii. Nilimpeleka Mama Vifungo kwenye bomba la uani, nikafungulia maji, nikamwosha kwa sabuni, nikaosha tena, nikaosha mpaka kipande cha sabuni kikabaki chembamba kama chaki ya fundi. Alilia kidogo, akasema, "Wifi wa watu, unanifua kama shuka." Kisha sote watatu tukaenda zahanati bila kungoja vikombe vya chai wala ushauri.

Daktari aliuliza swali moja kabla hata hajavaa glavu: "Mbwa amechanjwa?"

Mimi nilimtazama Fundi. Fundi alitazama viatu vyake. Watu wa mifugo walipopita na chanjo mwaka uliotangulia, alikuwa na magauni ya harusi mezani, na mimi mwenyewe nilimsikia akisema mwakani watapita tena, mbwa naye yupo. Basi Mama Vifungo alichomwa sindano, akaambiwa arudi tena na tena kuchomwa nyingine, na tukaagizwa tumfunge mbwa, tumpe maji na chakula, tumwangalie kwa siku kumi kama atabadilika, na tusimuue wala tusimfiche. Bwana mifugo angekuja kesho yake.

Jioni mume wangu alikuja na mpango. Ni mtu mwema, lakini akiogopa huwa anakuwa wakili. "Tuseme si wetu," alisema. "Kwani nani alimnunua? Alikuja mwenyewe na mvua. Ni mbwa wa mtaa, alaumiwe mtaa. Na isitoshe, mkono aliuingiza mwenyewe Mama Vifungo. Meneja hakumfuata nyumbani kwake."

"Asubuhi alikuwa wako," nikamwambia. "Uliwaambia hata wenzako kazini kwamba una mbwa mlinzi."

"Huo ulikuwa utani."

"Na wakisema hana mwenyewe, si watamchukua wakamuue?"

Akakuna shingo. "Ni mzee tayari," akasema. "Binti yake Mama Vifungo anasema atatushtaki, atakwenda mbele kwa mbele. Tukisema ni wetu, kila kitu kitakuwa juu yetu."

Hapo nilikasirika, nasema ukweli. Mbwa akilinda ni wetu sote, akiuma hana mwenyewe. Nilimgeukia wifi yangu nikitegemea aniunge mkono, kwa sababu ulimi wake huwa haupoi. Yeye alikuwa amekaa chini, anafumua kola ile aliyoiacha katikati, uzi mmoja mmoja. Nyuma ya nyumba Meneja alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, na kila mara alipovuta, nguo zote zilitikisika.

Nilikwenda kumwona mgonjwa. Alikuwa kitandani, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, kastabini iko juu ya meza kando ya kikombe cha maji. Binti yake, muuzaji wa duka la vitabu, hakuniitikia salamu vizuri, na sikumlaumu. "Mama anashona tangu sijazaliwa," alisema. "Mkono huo ndio ulionilea. Nataka kujua kama walikuwa wanajua mbwa amekuwa mkali."

"Hebu mwache wifi wa watu," Mama Vifungo alisema kutoka kitandani. "Mimi namjua Fundi. Angejua, angeniambia. Ni bahati mbaya tu. Haumi yule, Fundi mwenyewe husema."

Nilirudi nyumbani nikamweleza wifi yangu maneno hayo kama yalivyo. Alisema, "Alisema hivyo?" Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani kwake, na mashati yakabaki mezani.

Bwana mifugo alifika asubuhi, kijana mwenye buti za mpira na sauti ya taratibu. Alimtazama Meneja kwa mbali kwanza, hakumkazia macho, hakumwinamia. Alipiga makofi hewani, nyuma ya kichwa chake. Meneja hakugeuka. Alipiga tena. Kisha akakanyaga ardhi kwa buti, na hapo mbwa akageuka. "Hasikii," alisema. "Na kiuno kinamuuma. Mbwa wa hivi ukimgusa amelala, hajui ni wewe. Anajua maumivu tu."

Tulikuwa wote pale uani. Mama Vifungo alikuja na binti yake, mkono umening'inizwa shingoni kwa kanga. Mume wangu alisimama karibu na geti, kama mtu anayepita tu.

"Haya," akasema bwana mifugo. "Huyu mbwa ni wa nani?"

Mume wangu akakohoa. "Unajua, huyu mbwa kwa kweli alikuja..."

"Wangu," akasema Fundi.

"Fundi," mume wangu akaanza.

"Nyamaza, mdogo wangu. Ni wangu. Nimemlisha, nimempa pa kulala, nimemwacha bila chanjo. Ni wangu." Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono haina kazi, na sikuwahi kuiona haina kazi. Bwana mifugo akataka kuendelea na swali jingine, lakini yeye alikuwa amemgeukia Mama Vifungo. "Na kuna jambo jingine. Nilijua."

"Nilijua hasikii. Alinikemea mimi kwanza, nilipomgusa usingizini, akanionyesha meno. Tangu hapo nikawa napiga mguu chini kabla sijainama, ili ausikie mtikisiko. Huyu wifi aliniuliza nikamwambia ni ganzi. Mimi nilijikinga. Wewe sikukuambia."

Ganzi! Na mimi nilimshauri atembee! Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na sisi nguo tunazishona wenyewe.

Binti alitaka kusema, mama yake akamzuia kwa mkono mzima. Akamgeukia Fundi. "Kwa nini?" akauliza.

"Niliogopa mtasema aondoke. Wifi huyu hampendi. Mdogo wangu angesema auawe. Nikasema ni mzee, hana muda, nitamlinda mimi."

"Ungeniambia tu," Mama Vifungo akasema. "Mimi nisingesema aondoke, mimi ndiye niliyempa jina. Ningechukua fagio, nikavuta vifungo kwa mpini. Basi. Fagio lilikuwa nyuma ya mlango." Akageuka akaondoka na binti yake, na geti likalia.

Bwana mifugo alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akatueleza, na nakiri alitueleza vizuri. Mwenye mbwa ndiye mwenye meno yake, alisema. Kwamba hajawahi kuuma si ngao. Kwamba alikuja mwenyewe si ngao pia, ukishamlisha ni wako. Na mtu akijua hatari iko wapi halafu akawakaribisha wenzake waikanyage, mzigo wake unazidi kuwa mzito. Gharama za matibabu ni za Fundi, na kazi ambayo mama yule hawezi kuifanya nayo ni ya Fundi. Mbwa, ikiwa atakuwa mzima baada ya kuangaliwa, achanjwe, ajengewe banda lenye komeo, na asionekane tena kwenye chumba cha wateja. Mume wangu aliuliza kama kuandika kibao getini kungetosha. "Kibao hakifungi mlango," bwana mifugo akasema.

Meneja alikuwa mzima. Hakubadilika hata kidogo, alikula na kulala kama alivyozoea. Mume wangu alimjengea banda nyuma ya nyumba, na kwa aibu alilijenga zuri kuliko jiko letu. Fundi alipeleka kwa Mama Vifungo kila alichopaswa kupeleka, tena mwenyewe, kwa miguu yake. Binti alipokea mlangoni. Mama hakutoka. Binti hakwenda mbele tena, alisema mama yake amemkataza, kwa kuwa mtu aliyekiri mbele ya watu hahitaji kuburutwa. Lakini hakumkaribisha ndani.

Vifungo akawa anavishona Fundi. Nasema hivi kwa upendo: alikuwa hovyo. Mzazi mmoja alirudisha shati ambalo kifungo cha tatu kilikuwa kinatazama upande. Aliketi kwenye kiti cha mwenzake, si chake, na vidole vyake vikajaa matundu, maana kastabini hakuwa nayo na alikataa kununua. Nilimwambia aajiri mtu. "Kiti kina mwenyewe," akasema. Jioni moja nilimkuta analia juu ya mkebe wa vifungo, waziwazi, makamasi na yote. Sikumtania. Nilikaa chini nikaanza kumtungia sindano.

Wateja nao walikuja kama kawaida, na wengine hawakujua yaliyotokea. "Hodi! Mbwa wenu yule vipi?" wangeuliza, na mimi ningengoja kusikia. Fundi hakujibu lolote. Neno la zamani lilikuwa limekwisha kinywani mwake na jipya halijapatikana, kwa hiyo nilikuwa natoka mimi kwenda kufungua.

Kisha ikaja asubuhi moja, shule zimekwisha kufunguliwa, kazi imepungua. Mimi napiga pasi, Fundi yuko kwenye cherehani, yuko katikati ya mkono wa koti, mahali ambapo hata mimi najua mtu hasimami. Tukasikia hodi. Sauti ndogo. Nilimtazama, akanitazama. Katika miaka yote ile hatukuwahi kuisikia sauti ile ikipiga hodi.

Fundi aliinua mguu kwenye pedali. Aliliacha koti likining'inia kwenye sindano, akasimama, akaenda mpaka mlangoni. "Simama hapo hapo!" akapaza sauti. "Usiingie! Nina mbwa, na anauma!"

Meneja alikuwa bandani, amefungiwa tangu alfajiri, na komeo nililiona mwenyewe. Lakini wifi yangu alizunguka nyuma ya nyumba kwa haraka, akalitikisa komeo, akalitikisa tena, ndipo akarudi mbele na kwenda kufungua geti. Mama Vifungo alikuwa amesimama nje, palepale alipoambiwa asimame. Mkono wake ulikuwa umepona kwa nje. Kidole gumba hakikukunjika, na daktari alikuwa ameshasema hakitakunjika tena.

"Amefungwa?" akauliza.

"Amefungwa. Nimetazama."

"Enhe," akasema Mama Vifungo. "Sasa nimekaribishwa."

Akapita, akaingia karakana, akakiburuta kiti chake. Alitazama rundo la mashati yenye vifungo vilivyokwenda upande, akaguna, akasema nani kawafanyia watoto wa watu dhuluma hii. Mama Vifungo akatoa kastabini mfukoni, akaitazama kidogo, akaivaa kwenye mkono wa kushoto.

"Haya," akasema. "Leteni mashati. Na mnisubiri, maana huu mkono bado haujui kitu."